Kumzuia Mpenyaji: Jinsi ya Kuupima Ulinzi Bora katika Kikapu cha Vyuo vya Marekani

Tarehe 30 Machi 2024, katika ukumbi wa TD Garden mjini Boston, Illinois na Connecticut walikuwa sare 23-23 huku kipindi cha kwanza kikielekea ukingoni. Illinois walipokuja kufunga tena, wenzao walikuwa wameshafika 53. Pointi 30 mfululizo bila jibu, tena katika robo fainali ya taifa ya wanaume, dhidi ya timu iliyojaa vijana wenye kasi, misuli na uchu wa kukiendea kikapu. Mchezo uliisha 77-52. Terrence Shannon Jr., mpenyaji aliyezisumbua timu nyingi msimu ule, aliondoka na pointi 8.

Takwimu iliyosambaa baadaye ilimhusu senta wa Connecticut, Donovan Clingan: Illinois walirusha mitupo 19 akiwa yeye ndiye anayeikabili, na yote 19 ikakosa. Watu wengi wakaishia hapo, wakaamini kwamba ukiwa na mtu wa zaidi ya mita 2.15 chini ya kikapu kazi imekwisha. Lakini Clingan aliandikiwa bloku 5 tu katika mchezo mzima. Kwa hesabu hiyo, angalau mitupo 14 kati ya ile hakuigusa kabisa.

Mtupo usioguswa hukosa kwa sababu zake. Mrushaji amefika kikapuni akiwa amechelewa hatua moja, mwili umeinamia upande, pembe si ile aliyoizoea, na akitafuta mwenzake wa kumpa pasi hamwoni. Hayo yote hutengenezwa kabla senta hajainua mkono, na mara nyingi hutengenezwa na wachezaji ambao kamera haiwaonyeshi. Anayetaka kuutambua ulinzi mzuri dhidi ya timu ya kupenya sharti ajizoeze kuyaondoa macho kwenye mpira na kuwatazama wale wengine wanne.

Timu ya kupenya ina hesabu yake, na bila kuielewa hesabu hiyo hakuna tathmini. Katika kikapu cha vyuo vya Marekani, mitupo ya alama tatu huingia kwa takribani asilimia 34, sawa na pointi moja hivi kwa kila mtupo. Mitupo huru huingia kwa takribani asilimia 70, kwa hiyo mchezaji anayepewa miwili anatarajiwa kuleta pointi 1.4. Mtupo wa karibu kabisa na kikapu nao una thamani kubwa kuliko wa mbali. Mpenyaji hodari huleta vyote: anafunga mwenyewe, anachezewa faulo, au anawavuta walinzi wawili kisha anautoa mpira kwa mwenzake aliyeachwa peke yake nje.

Falsafa hii ilipata umbo lake la kisasa kwa kocha Vance Walberg, aliyekuwa akifundisha chuo cha Fresno City huko California. Alitawanya wachezaji wanne nje ya mstari, akaacha njia pana katikati, na akamwambia mwenye mpira aivamie nafasi ile kwa kuudunda badala ya kuzungusha pasi. John Calipari aliichukua akaipeleka Memphis, ambako Derrick Rose aliifikisha timu fainali ya taifa mwaka 2008, kisha Kentucky, ambako ilikutana na vipaji kama John Wall na Eric Bledsoe. Kuanzia hapo kila kocha wa ulinzi amelazimika kuwa na jibu.

Jibu la kwanza halihusu mfumo wowote. Ni kurudi. Macho ya mtazamaji yaende kwa timu iliyorusha mpira, sekunde ile ile mtupo unapoondoka mkononi: je, kuna wawili walioanza kurudi nyuma bila kusubiri kuona kama umeingia? Wa kwanza anapaswa kufika chini ya kikapu chake, wa pili anapaswa kumkabili mwenye mpira mapema, ikiwezekana kabla hajavuka katikati ya uwanja. Kijana mwenye kasi akipewa nusu ya uwanja ikiwa wazi, hakuna ufundi utakaomwokoa mlinzi. Timu inayoangalia mtupo wake kama shabiki wa jukwaani ina kasoro ambayo hata mfumo bora hauwezi kuifunika, na kasoro hii ndiyo rahisi kuliko zote kuigundua.

Sasa tumtazame mlinzi wa mpira. Kosa la kawaida ni kumpima kwa swali moja tu: amepitwa au hajapitwa? Katika kiwango hiki kila mtu hupitwa. Hata mlinzi bora wa nchi atapitwa mara kadhaa usiku mmoja, maana mwenye mpira ndiye anayejua aendako. Swali sahihi ni hili: amepitwa vipi?

Anza na nyonga. Nyonga za mlinzi ziwe chini kuliko za mshambuliaji, na umbali kati yao uwe kama urefu wa mkono. Kisha tazama bega la mpenyaji. Akifika ndani kifua chake kikiwa kimeelekea kikapuni moja kwa moja, mlinzi ameshindwa. Akifika akiwa amegeuzwa upande, bega moja mbele, akilazimika kuudunda mpira mara mbili zaidi ya alivyokusudia, mlinzi ameifanya kazi yake hata kama kitabu cha takwimu kitasema amepitwa. Zile mara mbili za ziada ndizo zinazompa mlinzi msaidizi muda wa kufika.

Mikono nayo husema mengi. Tangu msimu wa 2013-14, kanuni za vyuo zimekuwa kali kwa mlinzi anayemwekea mwenye mpira mkono na kuuacha pale, anayemzuia kwa kigasha, au anayemgusagusa mara kwa mara. Mlinzi aliyekuwa akiishi kwa mikono alilazimika kujifunza kuishi kwa miguu. Ukimwona mtu mikono yake imefunguka pembeni, viganja vinaonekana, na bado mpinzani hapati njia ya moja kwa moja, huyo ana ubora wa kweli. Anayenyoosha mkono kuupokonya mpira kila baada ya sekunde chache atapata makofi mara moja na atafungua njia mara tano.

Mfano mzuri wa miguu ni fainali ya 2019 mjini Minneapolis, Virginia dhidi ya Texas Tech. Jarrett Culver wa Texas Tech alikuwa nyota wa kupenya aliyeibeba timu yake mashindano yote. Virginia walimkabidhi kwa De'Andre Hunter, kijana mrefu mwenye mikono mirefu, na Culver akafunga mitupo 5 kati ya 22. Hunter mwenyewe alifunga pointi 27, na hizo ndizo zilizoandikwa kwenye vichwa vya habari Virginia waliposhinda 85-77 baada ya muda wa nyongeza. Lakini kwa jicho la fundi, zile 17 zilizokosa za Culver zina uzito sawa na pointi zote za Hunter. Miaka miwili baadaye, Davion Mitchell wa Baylor, aliyetunukiwa tuzo ya Naismith ya mlinzi bora wa mwaka, alikuwa mstari wa mbele siku Baylor walipoivunja rekodi ya Gonzaga ya kutopoteza mchezo msimu ule kwa kuwafunga 86-70 katika fainali. Mitchell ni mfupi kuliko Hunter kwa mbali. Ubora wa mlinzi wa mpira hauna urefu maalumu.

Nyuma ya mlinzi wa mpira ndipo ulipo utajiri wa somo hili, na ndipo makocha wanapotofautiana kwa dhati.

Kundi la kwanza hujikusanya. Dick Bennett alitengeneza mfumo unaojulikana Marekani kwa jina la Pack Line, na kwa mfumo huo aliipeleka Wisconsin nusu fainali ya taifa mwaka 2000. Mwanawe Tony aliuhamishia Virginia na kutwaa nao ubingwa wa 2019. Wazo lenyewe ni jepesi kulieleza: mmoja anamsonga mwenye mpira, na wanne waliobaki wanasimama ndani ya mstari wa kufikirika, takribani mita 5 kutoka kikapuni, hata kama watu wanaowalinda wako mbali nje. Mpenyaji akiinua kichwa anaona watu, haoni njia. Kundi la pili hufunga katikati. Texas Tech ya Chris Beard, huku Mark Adams akiwa msaidizi wake mkuu wa ulinzi, iliufikisha mtindo huo fainali ya 2019, na Baylor ya Scott Drew ikautumia kwa mafanikio makubwa. Hapa mlinzi wa mpira anauweka mwili wake upande wa katikati makusudi, anamwachia mpenyaji njia ya pembeni, na wenzake wanamsubiri huko, karibu na mstari wa mwisho, mahali ambapo mstari wenyewe unakuwa mlinzi wa ziada.

Mifumo hii miwili inaonekana kupingana, na mashabiki hubishana ipi bora. Ubishi huo hauna tija kwa anayepima ubora, kwa kuwa fainali ya 2019 iliikutanisha yote miwili na kila mmoja ulikuwa umeifikisha timu yake pale. La maana ni kama wachezaji watano wanaamini kitu kimoja kwa wakati mmoja. Wavuvi wanaovuta juya wanalijua hili vizuri: upande mmoja ukilegea, samaki hawahesabu waliobaki wanavuta kwa nguvu kiasi gani. Katika kufunga katikati, mlinzi wa mpira akimpeleka mpenyaji pembeni na mlinzi wa chini akachelewa kwa nusu sekunde, matokeo ni mpira kuzamishwa kikapuni bila upinzani. Katika kujikusanya, mmoja akibaki nje kwa kumwogopa mpigaji wake, pengo lake linakuwa barabara.

Kwa hiyo mtazame mlinzi aliye upande usio na mpira. Mpira ukiwa kulia, je, yule wa kushoto ana mguu mmoja ndani ya eneo lililopakwa rangi? Kichwa chake kinaona mpira na mtu wake kwa pamoja, au amempa mgongo mmojawapo? Na muhimu kuliko yote: anasogea lini? Mlinzi wa kawaida huanza kusogea mpenyaji akishampita mwenzake. Mlinzi mzuri huanza kusogea pasi ikiwa bado hewani. Ukiitazama timu bora kutoka juu ya jukwaa, utaona watano wote wanahama pamoja kila mpira unapopigwa pasi, na wanafika kabla haujadakwa.

Midomo pia ihesabiwe. Ukumbi wenye mashabiki elfu kadhaa hauruhusu kusikia maneno, lakini kuonyesha kwa kidole, kumsukuma mwenzako kidogo kiunoni ili ajue skrini, yaani mpinzani anayesimama kumzibia njia, inakuja upande gani, na kuitana kwa mkono vinaonekana. Timu iliyo kimya huchelewa.

Halafu yupo senta, na hapa Mtanzania ana mfano wa kwao. Hasheem Thabeet, aliyezaliwa Dar es Salaam na kupitia shule ya Makongo, aliichezea Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009 akiwa na urefu wa mita 2.21. Alitajwa mlinzi bora wa ligi ya Big East mwaka 2008 na 2009, kisha akachaguliwa wa pili katika usajili wa NBA wa 2009 na Memphis Grizzlies. Dhidi ya Providence, Januari 2009, alimaliza na pointi 15, ribaundi 11 na bloku 10. Thamani yake kubwa zaidi haikuandikwa popote: wapenyaji waliofika hatua ya mwisho, wakamwona, wakageuka na kuutoa mpira nje. Mshambuliaji aliyeghairi haingii kwenye takwimu yoyote.

Kanuni za vyuo zinampendelea mtu wa aina hii. NBA, tangu msimu wa 2001-02, inamkataza mlinzi kukaa ndani ya eneo la rangi zaidi ya sekunde tatu bila kumlinda mtu. Vyuo havina kanuni hiyo, wala FIBA haina, na ndiyo maana anayefuatilia ligi za Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuyatumia mengi ya makala haya bila kubadilisha kitu. Senta wa chuo anaruhusiwa kuweka makazi pale ndani. Je, anayatumiaje makazi hayo? Wa kiwango cha chini huruka kila mpira unapoinuliwa, akidanganywa kwa bega anakwenda hewani na faulo inaandikwa. Wa kiwango cha juu hubaki chini hadi mshambuliaji aruke kwanza, kisha huinuka wima, mikono ikiwa imenyooka juu bila kushuka mbele. Mwamuzi anaiangalia mikono hiyo. Ikibaki wima, mgongano wowote ni shida ya mshambuliaji.

Wasio warefu wana silaha nyingine: kusimama njiani na kugongwa. Zamani baadhi ya walinzi waliteleza chini ya mtu aliyekwisha ruka, wakaanguka kwa kishindo na kupewa faulo ya mshambuliaji. Kanuni zimelibana hilo. Uta ulio chini ya kikapu, ambao ndani yake mlinzi msaidizi hapewi faulo ya aina hiyo, ulipanuliwa mwaka 2015 hadi futi 4, kama mita 1.22. Na tangu msimu wa 2023-24 mlinzi anatakiwa awe ameshajiweka mahali pake kabla mshambuliaji hajakita mguu wa kuondokea. Kwa mtazamaji hii ni zawadi, kwa sababu imeyatenganisha maigizo na usomaji wa mchezo. Anayepata faulo hizo siku hizi amezipata kwa kuona mapema, na anastahili heshima sawa na mpigaji wa alama tatu.

Hata hivyo, hakuna ulinzi unaozuia kila kitu. Uzuri wa mpango wa kocha huonekana katika kile alichokubali kukiacha. Tarehe 27 Machi 2010, West Virginia ya Bob Huggins ilikutana na Kentucky ya Calipari katika robo fainali mjini Syracuse. Kentucky walikuwa wamepoteza michezo miwili tu msimu mzima, na wachezaji wao watano walichaguliwa katika raundi ya kwanza ya NBA mwaka ule ule, John Wall akiwa wa kwanza kabisa. Kwa mbio na miruko hapakuwa na ulinganisho. Huggins akaweka zoni ya 1-3-1, kila mlinzi akilinda eneo badala ya mtu, mikono mirefu ikitanda katikati, njia za kupenya zikafungwa, na Kentucky wakaachiwa nafasi za kurusha kutoka mbali. Wakarusha mara 32. Ziliingia 4. Mitupo 20 ya kwanza yote ilikosa. West Virginia wakashinda 73-66.

Mchambuzi makini hatasema kwamba zoni ile ilisababisha mitupo yote 28 ikose. Ken Pomeroy, anayeheshimika sana kwa takwimu za kikapu cha vyuo, ameonyesha kwamba timu inayolinda ina uwezo mdogo juu ya asilimia ya alama tatu za wapinzani. Uwezo wake mkubwa uko kwenye idadi: mitupo mingapi ya mbali inarushwa, na nani anairusha. Sifa ya Huggins ni kwamba aliwafanya wapenyaji bora wa nchi warushe mara 32 kutoka mahali walipokuwa dhaifu. Siku nyingine zingeingia 10, na Kentucky wangesonga mbele, na mpango ungebaki kuwa mpango mzuri. Mwenye kupima ubora sharti awe na uvumilivu huo wa kutenganisha uamuzi na matokeo yake.

Kinyume chake ni fainali ya 2024. Connecticut wale wale wa Clingan walikutana na Purdue, ambao nguvu yao ilikuwa senta Zach Edey ndani na wapigaji nje. Safari hii kocha Dan Hurley aliamua kutotuma msaada. Edey alifunga pointi 37. Purdue wote kwa pamoja walirusha alama tatu 7 tu, wakafunga 1, na Connecticut wakashinda 75-60. Timu moja, ndani ya siku kumi, iliwanyima wapinzani wa aina mbili vitu viwili tofauti. Ulinzi wenye akili humjua mgeni wake.

Ukiacha kitu nje, lazima uweze kukirudia mbio. Mlinzi aliyeingia ndani kusaidia, mpira ukitolewa kwa mtu wake, anatakiwa kumkimbilia bila kupitiliza. Hatua ndefu mwanzoni, fupi mwishoni, mkono juu, uzito wa mwili nyuma kidogo. Akifika kwa kasi moja bila breki, mpigaji anainua mpira kumdanganya, anampita, na timu ya kupenya inaanza kupenya upya dhidi ya ukuta uliokwisha bomoka. Hapa ndipo timu nyingi nzuri zinapovunjika: msaada wa kwanza upo, wa pili upo, wa tatu haupo.

Fainali mbili za taifa zimemalizwa na mbio za namna hiyo. Mwaka 2003 Kansas walikuwa nyuma kwa pointi 3 dhidi ya Syracuse, na Michael Lee akabaki peke yake kwenye kona. Hakim Warrick alitokea katikati ya zoni ya Jim Boeheim, akaruka na kuuzuia mpira. Syracuse wakashinda 81-78. Mwaka 2025 mjini San Antonio, Houston walikuwa nyuma 65-63 dhidi ya Florida wakiwa na mpira wa mwisho. Emanuel Sharp aliruka kurusha alama tatu, akamwona Walter Clayton Jr. akimjia, akashindwa kurusha na akauachia mpira chini. Hakuweza kuugusa tena bila kuhesabiwa kosa la kutembea. Alex Condon wa Florida akaurukia, na ubingwa ukaenda Gainesville. Clayton hakuandikiwa bloku.

Katika fainali hiyo hiyo Houston wenyewe walikuwa wametoa somo. Timu ya Kelvin Sampson humtumia mwenye mpira watu wawili mara tu skrini inapowekwa, huku watatu waliobaki wakiziba njia zote za karibu kwa mbio za ajabu. Clayton, nyota wa mashindano yale, hakufunga hata pointi moja kipindi cha kwanza na alimaliza na 11. Siku mbili kabla, Duke walikuwa mbele kwa pointi 14 katika kipindi cha pili cha nusu fainali, kisha wakafunga kikapu kimoja tu cha mchezo wazi katika dakika kumi za mwisho, wakapoteza 70-67. Kwa nguvu, sauti na umoja, hakuna timu ya chuo ya miaka ya karibuni inayomfundisha mtazamaji vizuri zaidi ya Houston.

Ulinzi haujaisha mtupo unapokosa. Wapenyaji wenye miili mizuri huufuata mpira wao, na senta aliyekwenda kusaidia ameshamwacha mtu wake bila kizuizi. Februari 2009, Connecticut wakiwa namba moja nchini, Pittsburgh waliwafunga 76-68. DeJuan Blair, mwenye mita 2.01 tu, alichukua ribaundi 23 na kufunga pointi 22. Thabeet, aliyemzidi urefu kwa sentimita 20, alipata ribaundi 4. Blair alishinda kwa makalio na mapaja, kwa kumfungia mtu nje kabla mpira haujagusa chuma. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi alifanya vivyo hivyo Kentucky msimu wa 2021-22, alipokuwa na wastani wa ribaundi 15.1 kwa mchezo na kutunukiwa tuzo za mchezaji bora wa taifa. Naye si jitu. Ukimtazama, angalia anachokifanya mpira ukiwa hewani: anamtafuta mtu kwanza, mpira baadaye.

Kuhusu faulo, hesabu ni fupi. Kwa wanaume wa vyuo, faulo ya saba ya timu ndani ya kipindi huleta mtupo huru mmoja wenye nafasi ya wa pili ukiingia, na ya kumi huleta miwili ya moja kwa moja. Timu ya kupenya huishi kwa hesabu hiyo. Ulinzi unaofika faulo ya saba kipindi kikiwa bado na dakika kumi umeshapoteza sehemu ya mchezo, hata kama ubao bado unasema sare, kwa kuwa kuanzia hapo kila mlinzi ataanza kurudisha mkono na kusita hatua.

Kwa hiyo takwimu zipi zifuatwe na anayetaka kuhukumu kwa haki? Dean Oliver, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu hesabu za mchezo huu, alitaja vitu vinne vinavyoamua mechi: ubora wa mitupo, kupoteza mpira, ribaundi za mashambulizi na kwenda kwenye mitupo huru. Dhidi ya timu ya kupenya, cha nne na cha tatu visomwe kwanza. Kisha ihesabiwe mitupo ya karibu na kikapu: si mingapi iliingia, bali mingapi ilirushwa. Bloku na mipira iliyopokonywa visomwe mwisho, kwa tahadhari, maana timu inayobahatisha huvipata kwa wingi na hulipia gharama yake mahali pengine.

Msomaji anayependa mchezo huu ajaribu jambo moja katika mechi ijayo atakayoitazama, iwe ya mashindano ya Machi huko Marekani au ya uwanja wa mtaani kwake. Achague mlinzi mmoja asiyekabili mpira, amfuate kwa dakika tano nzima bila kumwachia, na ahesabu mara ngapi alikuwa njiani kabla mpenyaji hajaanza safari. Kisha amtazame kocha anapombadilisha mchezaji huyo, aone kama ulinzi unabaki vile vile bila yeye.